Nimetuma maombi ya kazi sehemu tatu, je hapo simwamini Mungu?

Dada mmoja ameniandikia, ujumbe wake ulikuwa mrefu nimeukata kidogo: "Mwalimu Bwana Yesu asifiwe. Mi ni mtu wa mipango toka zamani, nikiingia kuomba natoka na plani kabisa kichwani. Sasa nimeomba kazi sehemu moja naitamani sana, nimeifungia na kuiombea, ila nikatuma na sehemu nyingine mbili kama akiba. Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi kaniambia kutuma kwingine ni kumwambia Mungu simwamini, eti plani B ni kutokuamini, akanisomea na Mithali 3:5. Nikijaribu kuachia najiona mvivu, nikishika mwenyewe napata presha, usiku silali. Hivi kumtegemea Mungu ni nini hasa, nikae tu?"

Amina dada, asifiwe. Jibu fupi kwanza: hukukosea kutuma zile nyingine mbili. Lakini usishangilie mapema maana kwenye huo ujumbe wako kuna sentensi nyingine imenishtua kuliko hiyo ya plani B, na kiongozi wako hakuiona, ntaifikia.

Tuanze na huo mstari. "Mtumaini BWANA kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe." Watu wakiusoma wanafunga Biblia hapohapo, na kitabu hichohicho cha Mithali kinamtuma mvivu kwa chungu akajifunze kuweka akiba wakati wa mavuno (6:6-8), kinasema pasipo mashauri mipango inaharibika (15:22), kinasema farasi anaandaliwa kwa siku ya vita ila wokovu unatoka kwa BWANA (21:31), yaani farasi anaandaliwa kweli, analishwa, anafungwa tandiko, hakuna anayeambiwa amwache porini ili aonekane ana imani. Mstari wa 7 palepale chini ya huo wako unaonyesha nani anakatazwa: usiwe mwenye hekima machoni pako. Ni mtu ambaye akishaona yeye basi imetosha, hana haja ya kuuliza, na ukimrekebisha unakuwa adui yake. Mtu wa hivyo anaweza kuwa na mipango kumi au asiwe na mpango hata mmoja. Nimekutana na watu wasio na plani yoyote na bado wanajitegemea vibaya sana, wanachotegemea ni hisia zao tu wanaziita sauti ya Roho.

Na kwa upande wa pili kuna ile ya "Mungu kasema jisaidie nikusaidie." Hakusema. Tafuta Mwanzo mpaka Ufunuo hutaikuta. Wazo hilo lipo kwenye hadithi za kale za Wagiriki, na Benjamin Franklin aliliweka kwenye almanaka yake ya mwaka 1736, sisi tukalivalisha nguo za Biblia na kulihubiri madhabahuni. Injili inaanza sehemu tofauti kabisa, Warumi 5:6, tulipokuwa hatuna nguvu Kristo alikufa kwa ajili ya waovu. Hakusubiri tuanze yeye amalizie.

Sasa fungua Matendo 27. Usome sura nzima polepole, maana sijui sehemu nyingine kwenye Biblia inayojibu swali lako waziwazi kama hii. Paulo ni mfungwa anapelekwa Rumi kwa meli, dhoruba imewapiga siku nyingi, jua hawalioni nyota hawazioni, na Luka ambaye alikuwemo humo ndani anaandika kwamba tumaini lote la kuokoka lilikuwa limekatika. Ndani mna watu 276. Malaika anamtokea Paulo usiku anamwambia Mungu amempa wote wanaosafiri naye. Paulo anasimama katikati yao anasema changamkeni, hakuna hata mmoja atakayepotea, meli tu ndo itaharibika, namwamini Mungu kwamba itakuwa vilevile kama nilivyoambiwa. Kwa hiyo ahadi ipo tayari, imetamkwa mbele ya mashahidi.

Usiku wa 14 mabaharia wanahisi wanakaribia nchi kavu, wanatupa bildi kupima kina cha maji, wanapata pima 20, wanaenda mbele kidogo wanapima tena, 15, wanaogopa kugonga miamba gizani, wanatupa nanga 4 upande wa nyuma na kuombea kuche. Hapo ndo baadhi yao wanashusha ile mashua ndogo, wanajifanya wanaenda kuweka nanga za mbele, kumbe wanatoroka. Paulo anamwambia akida na askari, "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka." Askari wanakata kamba, mashua inaenda zake. Kulipokuwa kunakaribia kucha Paulo anawasihi watu wale chakula maana siku 14 wamekaa na njaa, anatwaa mkate anashukuru mbele ya wote anakula, nao wanachangamka wanakula, alafu ngano iliyobaki wanaitupa baharini meli iwe nyepesi. Asubuhi meli inakwama, nyuma inabomoka kwa nguvu ya mawimbi, na akida anatoa amri, wanaojua kuogelea waruke kwanza, waliobaki washike mbao na vipande vya meli. Wote wakafika nchi kavu salama.

Dada, tulia hapo kidogo. Mungu aliahidi hakuna atakayekufa, na mtumishi huyohuyo aliyepokea ahadi anasema mabaharia wakiondoka mtakufa. Hakuona kwamba anajipinga. Hakusema "kwa kuwa Mungu ameahidi basi tusile, tusitupe ngano, tusijali nani anaongoza meli." Ahadi ilitimia juu ya mbao! Kuna watu walifika ufukweni wamekumbatia kipande cha meli iliyovunjika, wamekunywa maji ya chumvi, na huo ndo ulikuwa mkono wa Mungu kwao.

Ila uone na hili. Humo kwenye sura moja zimo plani B mbili, moja ilikatwa kamba na nyingine ikatumika. Mashua ilikuwa ya siri, ilifunikwa na uongo, na ilikuwa ya kujiokoa kwa kuwaacha wengine, ilikuwa njia ya kukwepa alichosema Mungu. Mbao hazikuwa na siri wala uongo, ni kile tu kilichokuwepo mkononi saa hiyo. Kwa hiyo sikuulizi una plani ngapi, nauliza zile barua zako mbili ni mashua au ni mbao? Kama mojawapo ulidanganya kuhusu vyeti, au ni kazi ambayo moyoni unajua kabisa mfuasi wa Kristo hapaswi kuifanya ila umeiweka pembeni endapo Mungu atachelewa, hiyo ni mashua, kata kamba leo. Kama ni kazi halali na umeomba kihalali, basi ni mbao, acha zielee.

Kingine ambacho kikundi chenu kimechanganya, Paulo alikuwa na neno la wazi kuhusu ile safari. We una hamu. Hamu sio dhambi, lakini haigeuki kuwa ahadi kwa sababu umeifungia siku kadhaa. Ulichoahidiwa ni kwamba hatakupungukia wala hatakuacha kabisa, Waebrania 13:5, hujaahidiwa kwamba ofisi ile itakupigia simu. Ukiitwa usimame kwenye imani juu ya kitu ambacho Mungu hakukisema unabebeshwa mzigo usio wako, na kisipotokea wanakuambia imani yako ilikuwa ndogo. Hii naikemea kila nikiikuta.

Haya, sasa ile sentensi iliyonishtua. "Nikiingia kuomba natoka na plani kabisa kichwani." Nilivyokusoma, we huendi kuomba ili uulize, unaenda na karatasi yako imeshajazwa, kama mfanyakazi anayempelekea bosi fomu asaini tu. Na hapa ndo napenda tukae, maana watu wengi wa mipango (na wahubiri tumo humo) tunaomba vizuri sana juu ya vitu vinavyotushinda, lakini vile tunavyoviweza hatuulizi kabisa. Ugonjwa usiotibika tunafunga na kukesha. Bajeti, ratiba, kazi, nani wa kumwamini, hivyo tunajua wenyewe.

Mfalme Asa wa Yuda alipotelea hapo. Soma 2 Mambo ya Nyakati sura ya 14 na ya 16 kwa pamoja. Mwanzoni nchi ikiwa na amani anajenga miji yenye kuta, minara, malango na makomeo, anajenga na kusema tumemtafuta BWANA Mungu wetu naye ametustarehesha, alafu anakuja Zera Mkushi na jeshi la watu milioni moja na magari 300. Asa ana watu 580,000, anapanga vita kama kawaida, na anaomba ombi fupi ambalo mpaka leo linanigusa, kwamba hakuna wa kusaidia kama wewe, utusaidie, kwa kuwa twakutegemea wewe. Akashinda. Ona kwamba kuta zilikuwepo, jeshi lilikuwepo, na bado alikuwa anamtegemea Mungu.

Mwaka wa 36 wa utawala wake Baasha mfalme wa Israeli anajenga Rama ili kufunga njia ya kuingia na kutoka Yuda. Tatizo dogo ukilinganisha na milioni ya Zera. Na safari hii Asa anajua la kufanya, anatoa fedha na dhahabu kutoka hazina za nyumba ya BWANA na za ikulu, anampelekea Ben-hadadi, mfalme wa Shamu aliyekaa Dameski, avunje agano na Baasha. Na plani ikafanya kazi! Ben-hadadi akapiga miji ya Israeli, Baasha akaacha kujenga, watu wa Yuda wakabeba mawe na miti ya Rama wakajengea Geba na Mispa. Ukiwa kwenye kikao ungepiga makofi. Alafu anaingia Hanani mwonaji anamwambia umemtegemea mfalme wa Shamu wala hukumtegemea BWANA, umetenda kipumbavu, toka sasa utakuwa na vita. Kwa hiyo usiniambie "mbona nilifanya mwenyewe na ikafanikiwa," hata ya Asa ilifanikiwa. Mafanikio hayakuambii ulikuwa unategemea nini.

Kilichokuja kuonyesha ni alichofanya baada ya kuambiwa. Alikasirika, akamfunga Hanani gerezani, na akawatesa watu wengine wakati huohuo. Mtu yuleyule wa ombi la sura ya 14. Miaka mitatu baadaye miguu ikaugua sana, na hata hapo hakumtafuta BWANA bali waganga. Imani ya ujanani haikumtosha uzeeni, ilibidi aombe tena na hakuomba.

Kisa cha watu wa Gibeoni ni kifupi ila kinauma zaidi kwa sisi tunaojiona tuko makini. Yoshua 9, wageni wanafika na mkate mkavu wenye ukungu, viriba vya divai vilivyopasuka na kushonwashonwa, viatu vyenye viraka, wanasema wametoka mbali. Viongozi wa Israeli hawakuwa wajinga, waliuliza maswali, walikagua vyakula, ushahidi ulikuwa mezani. Lakini Biblia inasema hawakutaka shauri kinywani mwa BWANA. Wakawaapia kwamba watawaacha hai. Siku tatu baadaye wakasikia kumbe ni majirani, na kiapo kimeshatoka hakirudi. Ukungu wa kweli kabisa kwenye mkate na bado jibu lilikuwa la uongo, ndo maana utafiti wako mzuri wa kazi ipi inafaa bado unahitaji kuombewa kabla hujaamua, sio baada.

Kwa hiyo nikushauri nini kwa vitendo. Usiache kupanga, badilisha muda wa kuomba. Kabla hujafungua daftari, kabla hujaongea na mtu, kaa mbele za Mungu na tatizo lenyewe likiwa bado bichi, mwambie sijui, nataka hii kazi sana na naogopa kuikosa, kama kuna kitu sikioni nionyeshe, na kama ni hapana nipe moyo wa kuipokea. Alafu nyamaza kidogo, soma neno, ndo upange. Mara nyingi hutasikia sauti yoyote, sitakudanganya, na plani itakayotoka inaweza kufanana sana na ile ungeitoa mwenyewe. Sawa tu. Kinachobadilika ni kwamba hiyo plani sasa inaweza kukataliwa bila we kuvunjika. Yakobo 4 anaongea na wafanyabiashara waliopanga mji, muda wa mwaka mzima, na faida kabisa, na hawaambii wavunje safari, anawaambia waseme "Bwana akipenda." Tatizo kwetu hilo neno limekuwa la mdomoni, tunalisema alafu Bwana asipopenda tunanuna wiki mbili.

Paulo alipanga na akakatazwa, angalia Matendo 16, alitaka kuhubiri Asia akazuiwa na Roho, akajaribu Bithinia akazuiwa tena, akafika Troa, ndo usiku akaona maono ya mtu wa Makedonia. Yaani alikuwa anatembea. Milango miwili imefungwa na hakukaa chini akidhani kakosa imani.

Pia tafuta Hanani wako. Mtu mmoja aliyekomaa, asiyekuogopa, umruhusu kabisa akuambie hapa umejiamulia. Na siku akikuambia usimfunge gerezani, yaani usimblok.

Alafu pumzika siku moja kwenye wiki, pumzika kweli. Kwenye Kutoka 16 mana ya kawaida ukiilaza mpaka asubuhi inatoa mabuu na kunuka, lakini ya siku ya sita wanaokota maradufu na haiharibiki, ili ya saba wakae nyumbani. Mungu aliwafundisha watu waliotoka utumwani, watu waliozoea kupimwa kwa idadi ya matofali, kwamba kuna siku hutafanya chochote na bado utakula. Kwa mtu wa mipango hicho ndo kipimo kigumu kuliko kufunga, we kufunga unaweza, ila kuacha kufungua barua pepe siku nzima ukiangalia kama wamejibu, hebu jaribu uone.

Kuhusu "nikae tu," mara nyingi watu wananitajia George Müller wa Bristol, yule aliyelea yatima maelfu bila kumwomba binadamu pesa. Ni kweli, aliomba Mungu tu. Lakini huyohuyo aliandika hesabu zake kwa uangalifu na kuchapisha ripoti za kila pesa iliyoingia na kutoka, na nyumba za Ashley Down alizijenga zikiwa na nafasi ya watoto zaidi ya 2,000, huwezi kuendesha kitu kama hicho kwa kukaa. Paulo naye anasema alifanya kazi kuliko mitume wote, "wala si mimi, bali ni neema ya Mungu pamoja nami," 1 Wakorintho 15:10. Anayemtegemea Mungu anachoka mwili kama wengine.

Hilo la usingizi sasa, usilichukulie kirahisi na usiliite upungufu wa imani. Eliya alipochoka mpaka akaomba afe, Mungu hakuanza na mahubiri, alimlaza, malaika akamwamsha akamlisha mkate na maji, akalala tena, akalishwa tena, mazungumzo yalikuja baadaye kabisa kule Horebu. Kabla ya kulala andika vinavyokusumbua, viombee kimoja kimoja kwa 1 Petro 5:7, weka simu mbali na kitanda. Na kama kukosa usingizi kumeendelea wiki kadhaa, au moyo unadunda ovyo na chakula hakipiti, nenda kwa daktari. Habari ya Asa na waganga isikutishe, kosa lake ni kwamba hakumtafuta BWANA, mbona Isaya huyohuyo aliyempelekea mfalme Hezekia neno la Mungu kwamba atapona aliagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu lake (2 Wafalme 20:7), na Luka aliyetuandikia habari ya ile meli alikuwa tabibu.

Kwa kiongozi wako, usiende kubishana naye wala usianze kumsema kwa wenzako. Inawezekana ameona jinsi unavyohangaika na akataka kukusaidia akakosea dawa, na kitu kimoja amekipatia, kwamba moyo wako haujatulia kwa Mungu kwenye hili. Mshukuru kwa hilo, alafu mwombe siku moja kikundi kisome Matendo 27 yote, mashua na mbao, mjadili pamoja. Akikataa hata kusoma, hapo itabidi ujiulize unapata mashauri kutoka kwa nani.

Na ile kazi ya kwanza wakikuita kwenye intavyuu, jiandae. Soma wanafanya nini, andaa majibu yako, omba, nenda. Na zile mbili nyingine wakikuita kabla, nenda pia, usikae unasubiri kwa kumwonea Mungu aibu.